TUJUE NI NANI ANAYEDAIWA
Hotuba juu ya aina za biashara na wajibu wake, iliyosomwa mbele ya wanachama mjini Othaya



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya aina za biashara, na juu ya wajibu ambao sheria na ubinadamu huuweka juu ya kila aina. Sisi tusemao hapa si mawakili. Tu watu wa reli, na masomo yetu ni yale ya shule ya msingi ya misheni. Mengine tumejifunza kazini na katika mafunzo ya chama. Lakini jambo hili halimtaki mtu awe wakili ndipo alifahamu. Lamtaka mtu aliyepata kwenda kudai haki yake akaambiwa, "Huyo unayemdai hayupo tena."

Sababu ya kusema leo mwaijua. Sisi wanachama 63 wenye makwetu hapa Othaya tumekuwa tukichanga kila mwezi, shabaha yetu ikiwa kununua lori la kubeba viazi, ndizi na kabichi kwenda soko la Karatina. Sasa fedha zakaribia kutosha, na mashauri yamekuwa matatu. Wengine wasema lori liandikwe kwa jina la mtu mmoja mwaminifu ili mambo yaende upesi. Wengine wasema tufanye kampuni. Wengine wasema tuandikishe ushirika. Katika mkutano ujao tutapiga kura. Basi yafaa kila mtu ajue anachokipigia kura, kwa maana kosa la karatasi halionekani siku ya kununua, bali huonekana siku ya taabu.

DUKA LA MTU MMOJA

Biashara ya kwanza ni ile ya mtu mmoja. Zimejaa hapa mjini: duka la nguo, kinyozi, fundi wa baiskeli, mama wa hoteli ya chai. Mtu huyu akitumia jina lisilo lake mwenyewe, sheria yamtaka aliandikishe. Faida ni yake peke yake na amri ni yake. Lakini mbele ya sheria mtu huyu na duka lake ni kitu kimoja. Duka likishindwa kulipa deni, wadai waweza kufuata mali yake ya nyumbani: ng'ombe wake, shamba lake, hata viti vya sebuleni.

Sasa tuangalie shauri la kuliandika lori kwa jina la mtu mmoja mwaminifu. Ndugu, hatuna shaka na uaminifu wa mtu yeyote hapa. Lakini sheria haisomi moyo, husoma karatasi. Karatasi ya lori ikiwa na jina lake, lori ni lake. Akidaiwa na benki kwa jambo lake mwenyewe, benki yaweza kulishika. Akifa, Mungu apishe mbali, lori litahesabiwa katika mirathi yake, na sisi 62 tutasimama mlangoni kwa mjane wake tukisema, "Mama, pole kwa msiba, lakini gari lile ni letu." Nani kati yetu ataweza kusema maneno hayo? Na akikataa, nani atamlaumu?

UBIA

Biashara ya pili ni ubia, yaani watu wawili au zaidi kuungana na kugawana faida na hasara. Kenya ina sheria ya ubia ya mwaka 2012. Ubia ni mzuri kwa watu wachache wajuanao sana, kama mafundi wawili wa seremala au ndugu watatu wenye kinu cha kusaga mahindi. Lakini hatari yake ni hii: katika ubia wa kawaida kila mbia aweza kuwafunga wenzake kwa deni. Mmoja wenu akienda Nyeri akakopa matairi kwa jina la ubia, mwenye duka aweza kumdai yeyote kati yenu, na kumdai deni lote, wala si sehemu yake tu. Atamtafuta yule mwenye mshahara wa kila mwezi kwa kuwa ndiye rahisi kupatikana. Watu 63 hawawezi kujuana kiasi hicho. Kwa hiyo ubia tuuache kwa wenye idadi ndogo.

KAMPUNI

Biashara ya tatu ni kampuni, ile yenye neno Limited mwisho wa jina. Hapa twaomba mtege masikio sana, kwa sababu wengi wetu tumeajiriwa na makampuni na bado hatujui kampuni ni kitu gani.

Kampuni ni mtu aliyeumbwa na sheria. Hana mikono wala tumbo, lakini aweza kununua shamba, kukopa, kushtaki na kushtakiwa. Wenye hisa ni watu wengine mbali naye. Kampuni ikianguka, mwenye hisa hupoteza fedha alizotia au alizoahidi kutia katika hisa zake, na nyumba yake yabaki salama.

Jambo hili lilipata nguvu mjini London mwaka 1896. Alikuwako mtengeneza viatu aitwaye Aron Salomon. Aliigeuza kazi yake kuwa kampuni mwaka 1892. Hisa zilikuwa 20,007; yeye alikuwa nazo 20,001, na zile 6 walipewa mkewe na watoto wake, kila mmoja moja, maana sheria ya siku zile ilitaka watu saba. Pia kampuni yake ilidaiwa naye mwenyewe kwa hati ya rehani. Biashara ilipovunjika, waliompa kampuni mali kwa mkopo bila rehani hawakupata kitu. Mfilisi wa kampuni alisema mahakamani, "Kampuni hii ni Salomon mwenyewe, na alipe." Mahakama ya juu ya Uingereza ikajibu: Hapana. Salomon ni mtu mmoja, na kampuni ni mwingine. Tangu hapo neno hilo limekuwa msingi wa sheria ya makampuni katika nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo.

Hatusemi kwamba ni neno baya. Bila neno hilo ni wachache ambao wangethubutu kutia akiba zao katika biashara kubwa. Lakini kila ngao yaweza kumkinga mwema na mwovu pia. Sisi wengine, kabla ya kuandikwa kazi ya reli, tulifanya kibarua kwa mkandarasi mmoja ambaye hatutamtaja. Kazi ilikuwa kufyeka vichaka na kuchimba mitaro. Mwezi wa kwanza tulilipwa. Wa pili tukaambiwa tungoje, na wa tatu vilevile. Tulipokwenda ofisini tulikuta kibao kipya mlangoni chenye jina jipya. Ndani alikuwamo bwana yule yule, juu ya kiti kile kile. Akasema kwa upole, "Vijana wangu, kampuni ile ilifungwa. Hii ni nyingine, haiwajui ninyi."

Tulisaidiwa na nini? Mama mmoja aliyekuwa akitupikia chai alikuwa na daftari. Humo aliandika nani amekunywa chai siku gani, ili apate kulipwa. Kwa daftari lile, pamoja na ujumbe wa simu wa malipo ya mwezi wa kwanza, afisa wa kazi alikubali kwamba tulikuwako kazini, akamwita yule bwana. Tulipata mshahara wa mwezi mmoja. Ule wa mwezi wa pili haukupatikana mpaka leo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile tuliona kwamba na jasho bila daftari ni vivyo hivyo.

Mwajiri wenu akiwa kampuni, msikubali kumjua kwa jina la "Bwana Mkubwa" tu. Jueni jina kamili la kampuni kama lilivyoandikishwa. Afisi ya kuandikisha makampuni hutoa karatasi iitwayo CR12, ionyeshayo wakurugenzi na wenye hisa, na katibu wa tawi aweza kuiomba. Tena jueni kwamba mahakama, ikiona kampuni imetumiwa kuwa chombo cha udanganyifu, yaweza kufunua pazia na kumshika mtu aliyejificha nyuma yake. Si jambo jepesi, lakini limo katika sheria.

Vilevile Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 imewawekea wakurugenzi wajibu. Kila mkurugenzi ni sharti afanye kazi kwa uangalifu, asitafute faida yake kwa siri, asipokee zawadi kutoka kwa watu wa nje kwa sababu ya cheo chake. Na katika kuitafutia kampuni mafanikio, sheria yamwambia afikiri pia juu ya hali ya wafanya kazi, juu ya wateja na wauzaji, na juu ya watu na mazingira ya mahali pale. Mtu akiwaambia kwamba kazi ya kampuni ni faida tu na mengine hayaihusu, mwambieni sheria ya nchi haisemi hivyo.

SHERIA NA DHAMIRI

Lakini, ndugu, yako mambo ambayo karatasi yasema hayakuhusu, na dhamiri yasema yakuhusu. Tarehe 24 Aprili 2013, nchini Bangladesh, jengo liitwalo Rana Plaza liliporomoka. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia, na hata hivyo wafanya kazi waliamriwa kuingia. Walikufa watu zaidi ya 1,100. Makampuni makubwa yaliyonunua nguo zile yangaliweza kusema, "Wale si wafanya kazi wetu, ni wa mkandarasi." Kwa karatasi ilikuwa kweli. Kwa dhamiri, je?

Basi vyama vya wafanya kazi vya ulimwengu havikungoja huruma. Mwaka huo huo vilifanya mapatano na makampuni mengi ya nguo juu ya usalama wa majengo na moto, mapatano yenye nguvu ya sheria, si ahadi ya mdomo. Hapo twajifunza kwamba dhamiri ya biashara huamka upesi zaidi chama cha wafanya kazi kikiwa macho, na kwamba jambo jema lisiachwe kuwa hisani. Liandikwe, litiwe sahihi.

SHIRIKA LA SERIKALI

Aina ya nne ni shirika la serikali, nasi watu wa reli twaijua kwa miili yetu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwani Kisumu mwaka 1901, kwa fedha za serikali ya Uingereza. Mwaka 1948 ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli na bandari zikatengwa, likawa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikafanya Shirika lake la Reli kwa sheria ya mwaka 1978. Mwaka 2006 kazi ya kuendesha treni ikakabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mapatano ya miaka 25. Mapatano hayo hayakufika mwisho. Yalivunjwa mwaka 2017, na kazi ikarudi kwa Shirika.

Reli ni ile ile na vilima ni vile vile. Lakini kila mara jina la mwajiri lilipobadilika, wazee wetu wa reli waliuliza swali moja: "Pensheni yangu yadaiwa nani?" Mwaka 2006 ilianzishwa skimu ya pensheni ya wafanya kazi wa reli, mbali na Shirika, ikapewa ardhi na majengo ili iwalipe wazee. Tazameni maana yake: mali ya pensheni iwe mbali na mali ya mwajiri, ili mwajiri akianguka, mzee asianguke naye.

Shirika la serikali si mali ya mkurugenzi wala ya waziri. Hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na taarifa yake hupelekwa Bunge. Mwenye mali ni mwananchi. Kwa sababu hiyo sisi tuliomo ndani tuna wajibu mara mbili: kudai haki yetu, na kutoiba mali ya mwananchi. Lita ya dizeli iliyouzwa gizani ni ya mama anayengoja treni.

USHIRIKA

Sasa twafika katika ushirika. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, baadhi yao wafuma nguo maskini, walifungua duka dogo la unga, siagi na sukari. Walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na takataka. Wakaweka kanuni: kila mwanachama kura moja, tajiri na maskini, mizani iwe ya haki, faida igawanywe kwa kadiri mtu alivyonunua. Vyama vya ushirika vya dunia nzima vyafuata njia yao.

Hapa kwetu tulikuwa na ngwatio tangu zamani, watu wakilimiana mashamba kwa zamu. Na kutoka miaka ya 1960 mama zetu wa Nyeri walijulikana kwa vikundi vya mabati: walichanga kidogo kidogo, wakaezekeana nyumba moja baada ya nyingine. Kwa sheria, mlango wa ushirika ulifunguliwa kwa Waafrika mwaka 1945, na kahawa ilipoenea katika mashamba yetu miaka ya 1950, vyama vya ushirika ndivyo vilivyosimamisha viwanda vya kuisafishia.

Othaya ni shule nzuri ya jambo hili. Mkulima mmoja wa hapa, akipeleka kahawa yake kiwandani, yumo katika ushirika. Mkulima huyo huyo, akipeleka majani chai kituoni, yumo katika kampuni. Viwanda vya chai vya Chinga na Iriaini ni makampuni, na wenye hisa ni wakulima wa chai. Makampuni ya namna hiyo katika nchi nzima ndiyo wenyeji wa KTDA, iliyoanza mwaka 1964 kuwa shirika la serikali na kugeuzwa kampuni mwaka 2000. Mkulima ni mmoja, shamba ni moja, lakini haki zake ni mbili mbalimbali. Katika ushirika mwenye miti 100 ana kura moja, na mwenye miti 5,000 ana kura moja. Katika kampuni desturi ni kura kwa kadiri ya hisa. Ndiyo maana mwaka 2020 na 2021, wakati wa sheria mpya ya chai, ulizuka ubishi mkali juu ya uchaguzi wa wakurugenzi: je, kura zihesabiwe kwa hisa, au kila mkulima awe na kura moja? Wengi walibishana bila kujua kwamba walikuwa wakiuliza swali la hotuba hii: sisi ni kampuni au ni ushirika?

Lakini tusijidanganye kwamba ushirika hauibiwi. Serikali ilipolegeza mkono wake kwa sheria ya mwaka 1997, vyama vingi vya kahawa katika Nyeri vilipasuka vipande, na jirani wakagombana na jirani. Na karibuni, mwaka 2025, ukaguzi wa hesabu za KUSCCO, muungano wa Sacco za nchi, ulionyesha kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 zilikuwa zimepotea. Wale walikuwa na kanuni, na mikutano, na mihuri. Kilichokosekana ni macho. Kura moja kwa kila mtu ni silaha nzuri, lakini mtu asiyehudhuria mkutano ameiacha silaha yake nyumbani.

WAJIBU ULIO JUU YA BIASHARA ZOTE

Awe ni mtu mmoja, ubia, kampuni, shirika au ushirika, mwajiri ni mwajiri. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kazi yenye uadilifu, na kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, ya kuingia chama, na ya kugoma. Sheria za kazi za mwaka 2007 zaendelea hivi:

Kwanza, kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano yaliyoandikwa, na mfanya kazi apewe karatasi ya hesabu ya mshahara wake.

Pili, kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja hawezi kuitwa kibarua wa siku tena. Sheria yamhesabu kama mtu wa mapatano ya mwezi.

Tatu, kila mfanya kazi apate likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, pamoja na mshahara. Mama aliyejifungua apate miezi mitatu, na baba majuma mawili.

Nne, mwajiri awe na bima ya ajali za kazini. Na penye wafanya kazi 20 au zaidi iwepo kamati ya usalama.

Tano, chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaoweza kuwa wanachama mahali pale, mwajiri ni sharti akitambue.

Na kampuni ikifa, mishahara ya miezi minne ya mwisho, hadi kiasi kilichowekwa, yatangulia mbele ya madeni ya kawaida. Lakini haijilipi yenyewe. Ni sharti mtu apeleke dai kwa mfilisi kwa wakati, na dai lataka daftari.

NENO CHUNGU

Sasa twaomba ruhusa tuseme neno chungu kidogo, na tunalisema juu yetu wenyewe.

Sisi tulio hapa, tukiwa Nairobi au Kiganjo au Nanyuki, ni wafanya kazi. Twajua kifungu gani chasema nini. Lakini Jumamosi tukifika nyumbani Othaya, twabadilika. Wengi wetu tuna chai, na chai haichumwi na mtu aliye kazini Nairobi. Huchumwa na kijana au mama tuliyemwajiri. Twamwita "mtu wetu wa chai". Hufika shambani alfajiri, na umande wamlowesha hadi magotini. Hulipwa kwa kilo. Mvua ikinyesha hana kilo. Akiugua hana kilo. Wako waliofanya kazi katika shamba moja miaka sita, na siku walipotoka hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba walipata kufanya kazi mahali.

Ndugu, yule mkandarasi wa kibao kipya tulimlaumu. Lakini mchumaji wetu akija leo mbele ya afisa wa kazi, ataonyesha daftari gani? Na sisi tutasema nini? "Yule ni wa mke wangu, si wangu"? Hilo si neno lile lile la Salomon, kwamba yule ni mtu mwingine?

Hatusemi haya ili kuwaaibisha watu. Bei ya majani tunaijua, na bonasi ikiwa ndogo twaumia sote. Twasema kwa kuwa lori tulitakalo litakuwa na dereva na taniboi. Siku litakapowashwa, sisi 63 tutakuwa matajiri wa watu wawili. Hatutakuwa tena watu wa kudai tu. Tutakuwa watu wa kudaiwa. Je, dereva atapewa mapatano ya maandishi? Atalipiwa NSSF na mchango wa afya? Bima ya ajali italipwa kabla ya safari ya kwanza, au baada ya ajali ya kwanza? Tutamwambia apakie kupita kiasi kwa sababu kabichi za Ijumaa ni nyingi? Tutampigia simu usiku arudi Othaya bila kulala, kwa sababu mzigo wangoja?

Mama mmoja katika mkutano uliopita alituuliza, "Wanangu, mkiwa wafanya kazi na matajiri pamoja, chama kitamtetea nani?" Hatukuwa na jibu siku ile. Leo twajibu: Mama, chama kitamtetea dereva. Na ikiwa hilo halitupendezi, tusinunue lori.

SHAURI LETU

Twatoa shauri, nanyi mtaamua.

Jina la mtu mmoja, hapana, kwa sababu tulizozisema. Ubia, hapana. Kampuni ya watu binafsi sheria yaiwekea mpaka wa wanachama 50, nasi tu 63. Tungelazimika kuwaacha 13 nje au kuwaficha nyuma ya majina ya wengine, na huo ndio mwanzo wa uongo. Kampuni ya wazi ina masharti na gharama kubwa zaidi. Unabaki ushirika. Huhitaji watu wasiopungua 10, nasi twapita. Kila mtu kura moja. Afisa wa ushirika wa kaunti aweza kutusaidia kuandika kanuni. Ubaya wake ni kwamba mambo huenda polepole, na mikutano ni mirefu. Tumeufikiria ubaya huo, tukaona ni afadhali kuchelewa pamoja kuliko kuharakishwa na mmoja.

Lakini tusiuingie kwa macho yaliyofumbwa. Kanuni ziseme waziwazi: sahihi za watu watatu benki, hesabu zikaguliwe kila mwaka na mkaguzi wa nje, zisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu, kwa lugha tunayoisikia, asiwepo mtu wa halmashauri atakayeuza matairi wala dizeli kwa chama chetu, na mshahara wa dereva na taniboi ulipwe kabla ya faida ya mwanachama yeyote. Fungu hili la mwisho tungependa liandikwe la kwanza.

Na hao wachumaji wetu wa chai, tusingoje lori. Mwisho wa mwezi huu kila mmoja wetu anunue daftari la shilingi chache, aandike jina la mtu wake, siku, kilo, na fedha alizolipwa. Daftari likae kwa mchumaji, lisikae kwetu. Ni jambo dogo. Lakini tukumbuke kwamba sisi tuliokolewa na daftari la chai, na aliyeliandika hakuwa hata mwanachama.

Kura ni zenu, na mkutano ujao ni wenu. Njoni nyote, kwa maana kura ya mtu asiyekuja huhesabiwa na mwingine.

Umoja ni nguvu.